Meza Juu ya Fungu

Marahaba, wanangu. Najua shikamoo yenu sijaisikia, kwa sababu ninyi mnasoma na mimi nimekaa kibarazani kwangu Ndagoni, miguu imevimba. Lakini nimehudumia meza miaka ishirini na minane, na sijawahi kuanza kazi na watu kabla ya salamu. Neema, anayewafundisha kazi ya mezani hapo hotelini, ameniomba niandike kurasa chache za yale ninayoyajua, kila mhudumu mpya azisome kabla hajafunga aproni. Kaniambia, "Babu Hatibu, usisahau ya kuchekesha." Haya, nianze na hayo, maana ni machache.

Mimi nilikuwa mvuvi. Hifadhi ya Bahari ilipokuja na nyavu za macho madogo zikakatazwa, wengine walinuna, wengine walihamia Kilindoni kuuza vitumbua, mimi nikavaa shati jeupe. Wiki ya kwanza nilimnyang'anya mgeni mmoja sahani mara tatu. Si utani. Kwetu mtu akitoa mkono kwenye sinia, ameshiba, unamnawisha. Yule bwana akiweka uma chini ili anywe maji, mimi naruka na sahani. Anabaki ananitazama, glasi mkononi, mdomo wazi. Mara ya tatu akaikumbatia sahani yake kwa mikono miwili kama mtu anayelinda mtoto, na meza nzima ikacheka. Ndipo nilipofundishwa: uma na kisu vikilala pamoja, amemaliza. Vikitengana, mwache mtu ale.

Mengine niyaseme upesi. Usisimame upande upepo unakotoka, jasho lako litafika puani mwa mgeni kabla ya mchuzi. Tui usiliache lichemke kwa fujo, litakatika, na mchuzi uliokatika hauna dawa. Pweza apigwe kwanza, ndipo atiwe chumvi. Mgeni akikuuliza kama samaki ni wa leo, naye ni wa jana, sema ni wa jana. Nimewaona wahudumu wengi wakisema "ndiyo" kwa kila kitu kwa sababu kumwambia mgeni "hapana" wanaona ni utovu wa adabu. Si adabu hiyo, ni uwongo uliovaa shati safi. Na mimi ninayewaambia haya ndiye mwongo mkubwa kuliko wote waliopita jikoni hapo, mtaona.

Sasa niwaambie habari ya meza ya fungu, maana nasikia siku hizi hamuifanyi tena na hamjui kwa nini.

Katika Ghuba ya Chole kuna fungu la mchanga. Maji yakijaa hulioni kabisa, boti inapita juu yake. Maji yakipwa linatoka jeupe, pana, halina hata mti mmoja. Hoteli yetu ilikuwa inawapeleka wageni kula chakula cha mchana pale. Tulibeba meza za mbao, viti, miamvuli, vitambaa vyeupe tulivyovibana kwa vibanio vya nguo upepo usivipeperushe, jiko la kuchomea, na deli kubwa la barafu na vinywaji. Wageni waliipenda kuliko kitu chochote. Wamekaa wameshika glasi, bahari pande zote, mguu kwenye mchanga, wanakula changu wa kuchoma na wali wa nazi. Wengine walilia kwa furaha, wallahi. Mimi nilikuwa mkuu wa wahudumu, na saa ya kuondoka fungu ilikuwa yangu mimi kuisema. Si ya meneja wala ya nahodha. Nilikuwa naiandika kwa chaki kwenye ubao wa jikoni asubuhi: boti irudi saa fulani.

Nilikuwa naijuaje saa hiyo? Kwa mwezi. Ninyi simu zenu zinawaambia maji, lakini sisi tulihesabu tarehe za mwezi wa angani. Ukijua leo ni mwezi mosi au mwezi kumi, unajua maji yanakupwa saa ngapi, na kila siku moja inayopita yanachelewa karibu saa nzima. Karibu saa nzima, kishikeni hicho. Katika chumba cha wazamiaji kulikuwa na karatasi ya maji, ya saa za kujaa na kupwa, iliyopigwa chapa, imebandikwa ukutani, hatua thelathini kutoka jikoni. Sikuwahi kwenda kuisoma. Nilijisifu kwamba sijawahi. Niliwaambia wageni, "Karatasi ni ya wasiozaliwa hapa," nao wakacheka na kunipiga picha.

Kazi ile ilikuwa na watu wawili ninaotaka mwajue. Wa kwanza ni Elias, mpishi wa jiko la mkaa. Ni baba yake huyu Neema. Alitoka Njombe, mtu wa milimani, akaja kisiwani na mkewe na mtoto mdogo. Bahari aliiogopa waziwazi wala hakuona haya kusema. Kuogelea hakujua hata kidogo. Pweza alimwita mdudu mpaka siku yake ya mwisho, lakini hakuna mzaliwa wa hapa aliyemchoma vizuri kuliko yeye. Kila asubuhi akiingia jikoni aliniuliza, "Mzee, leo mwezi ngapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Namjibu, anaitikia kwa kichwa, anafunga aproni. Yeye Mkristo, mwezi wa angani hakuwa na haja nao, ila alijua maisha yake tukiwa kule yako katika hesabu yangu.

Wa pili ni Nahodha Seif, wa boti. Tulikua pamoja, tulitahiriwa pamoja, na kwa miaka mingi hatukupitisha siku bila kutaniana.

Basi mwaka ule Idd ikagawanyika. Wengine tulifuata habari ya mwezi iliyotoka nje, tukaswali Alhamisi. Wengine walisema hawajauona kwa macho, wakafunga siku hiyo na kuswali Ijumaa. Simsemi mtu kwa Idd yake, kila mmoja aliswali kwa nia njema. Nasema ulimi wangu. Alhamisi ile nilikutana na Seif njiani, yeye kafunga, mimi nina kipande cha mkate wa kumimina mkononi. Nikamsogezea mdomoni.

"Kula, Seif. Leo Idd, kufunga haramu."

"Hatibu, niondolee. Jana nimeutafuta mwezi kwa macho yangu, sikuuona."

"Macho yako yamezeeka. Kavae miwani."

Kulikuwa na watu, wakacheka. Seif hakucheka. Akanipita, na tangu hapo tukawa tunasemeshana kwa kazi tu.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na meza ya fungu. Bwana na bibi mmoja wazee walikuwa wanasherehekea miaka yao ya ndoa, wamekuja na watoto na wajukuu, watu kumi. Elias akaingia jikoni. "Mzee, leo mwezi ngapi?"

Hapo ndipo, wanangu. Mimi najua, na nilijua hata wakati ule, kwamba hesabu ya maji ya kisiwa hiki wazee wetu waliijenga juu ya mwezi ulioonwa hapa hapa, kwa jicho. Kwa hesabu hiyo mwezi mosi ulikuwa Ijumaa, na Jumatatu ilikuwa mwezi nne. Lakini nikisema nne, nitakuwa nimekiri mbele ya jiko zima kwamba Alhamisi niliyomsogezea Seif mkate nilikuwa nakula mchana wa Ramadhani. Siku moja tu. Nikasema, "Mwezi tano."

Nikaandika kwenye ubao: boti irudi saa tisa kasorobo.

Tulipokuwa tunapakia, Seif alisoma ubao, akaja akasimama karibu yangu. Alisema polepole, hakutaka wageni waone. "Hatibu, kwangu leo mwezi nne."

"Kwako wewe," nikamjibu.

"Bahari haikuswali na wewe wala na mimi. Saa tisa kasorobo fungu litakuwa limezama."

"Nahodha, kazi yako ni usukani."

Akaenda kwenye usukani wake.

Niwape ujuzi mwingine hapa, maana kazi ni kazi. Kabla hujatandika kitambaa juu ya fungu, chomeka kijiti ukingoni mwa maji. Ukigeuka kila mara unakitazama, kinakwambia ukweli hata kama kichwa chako hakitaki. Nilichomeka. Wageni wakala kachumbari, wakala kamba, yule bibi mzee akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kula kwa mkono, tukacheka sana. Boti ilikuwa imekwenda na wazamiaji, tumebaki mimi na Elias na wageni. Ilipokaribia saa nane, Elias akaita kutoka jikoni kwake pale mchangani.

"Mzee, kijiti chako kimezama."

Nikatazama. Kweli hakikuwepo. "Ni upepo unasukuma maji," nikasema. "Geuza samaki."

Akageuza samaki. Mungu wangu, akageuza samaki.

Baada ya hapo sikuketi. Nilimwaga chai kwenye mkono wa mgeni mmoja. Fungu lilikuwa linapungua kila nikigeuka, upande huu, upande ule, na ndani yangu nilikuwa nimeshajua, ila nilikuwa bado nahesabu tano, tano, kana kwamba nikihesabu sana itakuwa tano. Wageni wao walidhani ndiyo raha yenyewe, watoto wakapiga kelele maji yalipogusa miguu ya viti.

Saa nane na robo tukaisikia boti. Seif hakungoja saa yangu. Aliwaacha wazamiaji na mwenzake kwenye boti nyingine, akaja mbio peke yake. Akafika maji yakiwa yanatambaa chini ya meza. Akapiga kelele, safari hii hakujali nani anasikia. "Pandeni wote! Acheni vyombo! Wote!"

Tukawapandisha wageni. Bibi mzee nilimbeba mgongoni. Elias naye alikuja, akaushika ukingo wa ngazi, mguu mmoja ukawa tayari juu. Boti ingeweza kutuchukua, ingelemewa lakini ingeweza. Na mimi bado nilikuwa na kinyongo. Kuondoka na kuacha meza na vitambaa majini ni kusema mbele ya wageni, mbele ya Seif, kwamba nimekosea. Utaratibu wetu ulikuwa boti iende mara mbili, wageni kwanza, halafu sisi na vyombo. Nikasema, "Peleka wageni. Sisi tunakunja."

"Hatibu, panda!"

"Peleka wageni, Nahodha!" Kisha nikageuka. "Elias. Deli."

Alinitazama, akamtazama Seif. Akaushusha mguu. Alikuwa mtu wa kutii mkuu wake wa kazi, ndivyo alivyolelewa kwao. Akarudi kuchukua deli.

Kwenda hotelini na kurudi ni dakika arobaini. Kwa robo saa ya kwanza tulikunja miamvuli kweli, tukapanga viti juu ya meza. Kisha mchanga ukaisha. Maji yakafika magotini, na mkondo wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga, unaoingia ghuba ile si wa kusimama nao, unakuchimbia mchanga chini ya nyayo. Nikampandisha Elias juu ya meza, mimi nikaishikilia. Nikamwaga barafu na chupa zilizokuwamo kwenye deli, nikalifunga, nikampa. "Shika hili. Linaelea. Likitokea lolote, usiliachie."

Alilikumbatia. Akaniuliza, wala hakuuliza kwa hasira, "Mzee, una hakika leo ni mwezi tano?"

Sikumjibu.

Meza ikazama mguu mmoja, ikalala upande. Akaanguka na deli lake. Hakuliachia, nilivyomwambia. Mkondo ukamchukua. Niliogelea nyuma yake, mimi ambaye nilizaliwa majini, na kila nikivuta mkono mmoja yeye anakwenda mitatu. Nilimsikia akiita. Hakuniita mimi, alikuwa anaomba kwa lugha ya kwao. Kisha nikawa nasikia maji tu.

Seif alinikuta nimeshika mguu wa meza. Tukamtafuta mpaka jua likazama. Kesho yake zikatoka boti za Hifadhi, ngalawa za Chole, kila mwenye chombo. Siku tatu. Deli lilipatikana kwenye mikoko. Elias hakupatikana, mpaka leo.

Sasa nakuja kwenye lile nililolificha. Tuliporudi hotelini siku ile ile, nguo zinachuruzika, watu wote walikuwa ufukweni wanalia. Mimi nikaingia jikoni peke yangu. Ubao ulikuwa pale pale, mwandiko wangu, saa tisa kasorobo. Nikaufuta kwa kiganja. Nikachukua chaki, nikaandika: boti irudi saa nane kasorobo. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuwaelezeni.

Meneja alipouliza, Seif akasema ubao ulisema saa tisa kasorobo na yeye alikuja mapema. Wakaenda kuutazama ubao. Wakatoka. Wa jikoni hakuna aliyewauliza. Meneja akaniuliza mimi, mkuu wa wahudumu, mtu wa miaka mingi: boti ilichelewa? Nikasema ilichelewa nusu saa. Seif alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia ya hoteli, akaiweka juu ya meza ya mkate. Alifukuzwa kabla ya wiki kwisha. Hapa kwetu hakuna aliyemwajiri tena kwenye boti. Akahamia kwa wakwe zake Kirongwe, akawa anafua nazi na kuokota korosho, nahodha mzima. Watoto walikuwa wakimwimbia njiani, "Seif kachelewa, Seif kachelewa." Nilisikia, nikapita.

Mama Neema alikuja kwangu kabla ya kurudi Njombe, mtoto mgongoni. Aliniuliza mumewe alisema nini mwisho. Nikamwambia, "Alikutaja wewe na mtoto." Alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, na mimi nikaipokea shukrani hiyo. Nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja. Niliagwa kwa keki na saa ya ukutani. Saa hiyo ipo hapa, siitii betri.

Neema amekua, amesomea hoteli, akaomba kazi kisiwani ili awe karibu na maji yaliyomchukua babake. Alipokuja kunitembelea mara ya kwanza aliniletea sukari na sabuni, akaniita babu, kwa sababu mama yake alimwambia mimi nilikuwa rafiki wa baba. Kila akija anauliza baba alipikaje, baba alichekaje. Namwambia. Anaondoka na furaha. Mimi nabaki sili.

Idd iliyopita nilipanda bodaboda mpaka Kirongwe. Nilisikia Seif anaumwa kifua. Nilimkuta kitandani, mwembamba, macho yake yale yale niliyoyatukana. Nikatoa salamu, akaitikia. Tukaletewa chai. Kisha akasema, "Leo kwangu mosi. Na kwako?"

"Na kwangu mosi," nikasema.

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Na siku ile?"

Miaka yote hiyo, wanangu, sikuwahi kuitoa mdomoni. "Nne," nikasema. "Ilikuwa nne, Seif. Na ubao niliufuta mimi." Nikalia mbele yake kama mtoto, na yeye akanipa ncha ya shuka nijifute. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua."

Neema aliniomba kurasa hizi wiki mbili baadaye. Nilitaka kumwita hapa kibarazani nimwambie uso kwa uso, mara tatu nimemwita, na mara tatu nimemwambia habari za pweza. Kwa hiyo naandika, kwa sababu mkono wangu una ujasiri zaidi kidogo kuliko mdomo.

Ninyi wengine, mkienda kazini kesho, kasomeni karatasi ya maji. Iko hatua thelathini.

Na wewe Neema, mwanangu, baba yako hakukutaja mwisho. Aliniuliza swali, nami sikumjibu. Alikuwa ameshashika ngazi, mimi ndiye niliyemwita arudi. Ukitaka kuja kunitazama, nipo, mlango sifungi. Usipotaka, nitaelewa. Lakini kwanza nenda Kirongwe, ulizia nyumba ya Nahodha Seif, kila mtu atakuonyesha, watoto bado wanaimba. Mwamkie vizuri, uketi karibu yake. Hakuchelewa. Alikuja mapema.